Kufuata njia, kuikimbia au kukaa: safari ipi ya begi mgongoni inakufaa?

Kila anayejiandaa kubeba begi mgongoni ana swali moja moyoni, hata kama hajalitamka: nitawaonaje watu wa huko kama walivyo, si kama wanavyojipamba wakisikia mgeni anakuja? Swali hilo limezaa utamaduni mzima. Kuna watu wanaolala kwenye mabweni ya hosteli, wanaopanda basi la usiku ili wasilipie chumba, wanaofua shati moja kwenye sinki kila jioni, na ambao hawataki kabisa kuitwa watalii. Wote wanatafuta kitu wanachokiita uhalisi, na ukiwafuatilia utaona wanakitafuta kwa namna tatu. Wapo wanaofuata njia ambayo wasafiri wenzao wameshaikanyaga. Wapo wanaoikimbia njia hiyo wakitafuta mahali ambapo mgeni hajafika. Na wapo wachache wanaochagua mahali pamoja na kukaa.

Nitazipima zote tatu, na sitaficha upande ninaoegemea. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mara nyingi methali hiyo hutumika kumsema mgeni aliyejisahau. Mimi naisoma pia kama mwongozo kwa msafiri mwenyewe. Siku mbili za kwanza unapewa kiti kizuri na sauti za upole. Jembe likishakufikia mkononi ndipo unapogundua nani huamka wa kwanza katika nyumba ile, nani hagusi kazi, na watu hugombana kuhusu nini. Kwa hiyo kila njia nitaiuliza swali hilohilo: inakufikisha siku ya tatu, au inakuondoa siku ya pili?

Njia iliyokanyagwa

Njia maarufu kuliko zote haipo tena. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi 1979, vijana wa Ulaya na Marekani walikuwa wakitoka London au Amsterdam, wakipita Istanbul, Tehran, Herat, Kabul, Lahore na Delhi hadi Kathmandu, wengine wakiteremka Goa. Walikwenda kwa mabasi chakavu, kwa treni na kwa kuomba lifti. Kila mmoja alijiona anakimbia utalii. Hata hivyo, walipofika Istanbul walijikuta kwenye mgahawa mmoja, Pudding Shop, ambao ukuta wake ulikuwa na ubao wa vikaratasi: huyu anatafuta nafasi kwenye gari la kwenda mashariki, yule anamtafuta rafiki waliyepotezana njiani. Kabul walikusanyika Chicken Street. Kathmandu walikusanyika mtaa ambao ukaishia kuitwa Freak Street. Mwaka 1979 mapinduzi ya Iran na kuingia kwa majeshi ya Kisovieti Afghanistan viliikata njia hiyo vipande.

Naieleza historia hii kwa sababu inaonyesha njia inavyozaliwa, na ukishalielewa hilo hutaidharau wala kuiabudu. Kitanda cha bei nafuu kinawakusanya wasafiri kumi. Wasafiri kumi wanamvuta mwenye basi dogo, mfuaji nguo, mwenye kubadilisha fedha na kijana anayejua lugha mbili. Hao wakishakuwepo, msafiri wa kumi na moja anafika kirahisi kuliko wa kwanza, naye anamwambia wa kumi na mbili. Khao San Road ya Bangkok, barabara yenye urefu wa kama mita 400, jina lake linatokana na mchele uliokuwa ukiuzwa hapo. Nyumba za wageni zilianza kuota miaka ya 1980, na leo barabara ile ni lango la kuingilia nchi nzima na nchi za jirani.

Faida za njia hii ni kubwa, na wanaoibeza mara nyingi wameshasahau safari yao ya kwanza ilivyokuwa. Kuna usalama wa kuwa wengi. Kuna habari mpya, maana aliyetoka mpakani jana atakuambia leo kama daraja limezolewa na mafuriko. Kuna kugawana nauli ya gari, na kuna bweni la vitanda vya dabo deka ambamo hata mtu mwenye haya hupata wa kuzungumza naye. Hosteli zenyewe zilianza kwa nia njema kabisa: Richard Schirrmann, mwalimu wa shule huko Ujerumani, alitaka watoto wa mjini wapate pa kulala wanapotembea porini, na mwaka 1912 hosteli ya kwanza ikafunguliwa katika ngome ya Altena. Moyo ule wa kugawana jiko na bafu na watu usiowajua bado upo, na ni jambo zuri.

Upungufu wake ni mmoja, lakini ni mzito. Utakaofahamiana nao ni wasafiri wenzako. Wenyeji utakaokutana nao wako kazini: wa mapokezi, dereva, muuzaji, kiongozi wa watalii. Watakuwa wakarimu, na baadhi watakupenda kweli, lakini wewe kwao ni zamu ya leo, na kesho ipo zamu nyingine. Mazungumzo ya bwenini nayo yana desturi yake: umetoka wapi, unaelekea wapi, umesafiri muda gani, umelipa kiasi gani. Baada ya wiki tatu unaweza kuyajibu ukiwa usingizini.

Kitu kingine kinachotokea kwenye njia ni kwamba uhalisi wenyewe unageuka bidhaa. Mwaka 1973 Lonely Planet, kampuni ya vitabu vya mwongozo wa safari, ilizaliwa kutokana na kijitabu kilichoandikwa na wanandoa waliokuwa wamevuka Asia kwa gharama ndogo. Mwaka huohuo mwanasosholojia Mmarekani Dean MacCannell alieleza jambo ambalo kila msafiri angefaa kulijua kabla ya kufunga begi. Alisema mgeni hatosheki na ukumbi wa mbele, anataka kuona uani. Wenyeji wakishajua hivyo, huandaa ua wa kuonyeshwa: jiko lililopangwa, mafundi waliowekwa dirishani, ngoma ya usiku inayoanza saa ileile kila siku. Mgeni anaondoka akiamini ameingia ndani, kumbe amehamishwa tu kutoka ukumbi mmoja kwenda mwingine. Sisemi hivyo kuwalaumu wenyeji. Ua wa kuonyeshwa huulinda ua wa kweli, na familia ina haki ya kuwa na mahali ambapo mgeni hapigi picha.

Usidhani pia kwamba wingi wa watu ni usalama kwa kila jambo. Vang Vieng, mji mdogo wa Laos, ulijulikana kwa vijana kuelea mtoni juu ya matairi huku wakilewa katika baa zilizopangwa kando ya maji. Walikufa wengi kiasi kwamba mwaka 2012 serikali ikazifunga baa hizo. Novemba 2024, katika mji huohuo, wasafiri sita wa kigeni walikufa baada ya kunywa pombe yenye methanoli, kemikali ya sumu. Pombe ya bure au ya bei ya kutupa inayotolewa na mwenyeji wa hosteli ni jambo la kulikataa bila aibu, hata kama bweni zima linanyanyua vikombe.

Ipo njia moja iliyokanyagwa kuliko karibu zote, nayo inanifanya nisite kuzihukumu njia zote kwa pamoja. Ni ile ya mahujaji kwenda Santiago de Compostela, Hispania. Kwa mwaka mmoja wanaopokea cheti cha kufika wanazidi 400,000. Kila mmoja hubeba kijitabu cha kupigwa mihuri, na ili apate cheti, anayekwenda kwa miguu lazima atembee walau kilomita 100. Hosteli nyingi za manispaa hukuruhusu usiku mmoja tu, isipokuwa ukiugua. Ukihesabu siku, hakuna siku ya tatu popote. Hata hivyo wanaoitembea husimulia mambo mazito, na nadhani sababu ni kwamba hujaja kuwatazama watu. Umepewa kazi, nayo ni kutembea, na wenyeji wa njia ile wamezoea kwa karne nyingi kumhudumia mtu mwenye kazi hiyo. Jembe lako ni miguu.

Kuikimbia njia

Hapa ndipo wanapoingia wale wanaosema hosteli ni za watalii na wao wanataka mahali pasipojulikana. Mwaka 1972 Erik Cohen, msomi wa sosholojia, aliwagawa wasafiri katika makundi manne, na la mwisho akaliita la wazururaji: wasio na ratiba, wanaokwenda mbali zaidi na mazoea ya kwao, wanaotaka kuishi kama wenyeji wanavyoishi. Cohen aliona pia kwamba mzururaji, bila kukusudia, humfungulia mtalii mlango. Miaka hamsini baadaye tumeona alivyokuwa sahihi.

Tazama Maya Bay, ghuba ndogo katika kisiwa cha Phi Phi Leh nchini Thailand. Sifa yake ilikuwa kwamba ni paradiso iliyofichika. Sifa hiyo iliposambaa, hasa baada ya filamu moja kupigwa pale, ghuba ikawa inapokea hadi watu 5,000 kwa siku, na nanga za boti zikavunja matumbawe. Juni 2018 serikali iliifunga. Ilipofunguliwa tena Januari 2022, boti hazikuruhusiwa tena kuingia ghubani na idadi ya wageni iliwekewa kikomo. Pia nchini Peru, njia ya Wainka ya kwenda kwenye magofu ya Machu Picchu huruhusu watu 500 tu kwa siku, wakiwemo waongozaji na wapagazi, na kila Februari hufungwa. Anayekwepa foleni hiyo hupita njia nyingine, ya Salkantay, ambako hakuna kikomo cha namna hiyo, na huko huwakuta wengine waliokwepa kama yeye.

Lakini si msongamano unaonifanya niwe mgumu kuipendekeza njia hii. Fikiria mahali ambapo kweli hapafikiwi na wageni. Hakuna chumba cha kulipia, kwa hiyo mtu atakupisha kwenye kitanda chake. Hakuna bei iliyotajwa, kwa hiyo utakula akiba ya nyumba bila kujua imegharimu nini. Hakuna aliyewahi kukubaliana na wenzake kama picha za watoto zinaruhusiwa, kama mgeni anaweza kuingia mazishini, kama msichana anaweza kukaa peke yake na mgeni wa kiume. Jamii iliyozoea wageni imeshajifunza kukataa. Isiyowazoea haijapata nafasi ya kujifunza, na wewe unayeitafuta kwa sababu hiyohiyo unaitumia nafasi hiyo vibaya. Hili ni jambo linaloniuma, kwa sababu mara nyingi anayelifanya ni mtu mwenye moyo mzuri kabisa.

Na pale ambapo hamu hiyo inageuzwa biashara na watu wa kati, matokeo huwa mabaya. Kaskazini mwa Thailand kuna vijiji vya Wakayan waliokimbia vita Myanmar, ambako wageni hulipa kiingilio ili kuwatazama wanawake waliovaa pete za shaba shingoni. Matangazo huahidi kabila lisiloguswa na wakati. Anayeonyeshwa pale ni mkimbizi ambaye hana uhuru wa kwenda atakako.

Tena usidanganyike kwamba kuikimbia njia ni rahisi kwa mfuko. Basi dogo la pamoja halipo, utakodi gari. Mkalimani utamlipa wewe peke yako. Ukivunjika mguu, hospitali iko mbali, na bima nyingi zina masharti kuhusu uokoaji. Kwa anayejua lugha ya mahali, mwenye shughuli ya kumpeleka huko na mtu anayemsubiri, safari hii inaweza kuwa bora kuliko zote. Kwa mwingine yeyote ningemshauri kitu cha katikati: shuka kituo kimoja kabla au baada ya mji maarufu. Mji wa kawaida, wenye soko, shule, stendi na ofisi ya serikali, ambao kitabu cha mwongozo kimeupa mstari mmoja au hakikuupa hata huo. Una nyumba ya wageni kwa sababu wafanyabiashara na maofisa wao wenyewe hulala hapo. Hakuna aliyekuandalia onyesho, na hakuna anayelazimika kukulisha. Siku mbili katika mji wa namna hiyo zinaweza kukufunza zaidi ya wiki ya kusaka kijiji kilichofichika.

Kukaa

Njia ya tatu haina picha nzuri za kuonyesha, na pengine ndiyo sababu inazungumzwa kidogo. Unachagua mahali pamoja, unakaa wiki mbili, mwezi, au miezi, na unakuwa na jambo la kufanya. Jambo la kufanya ndilo muhimu. Anayekaa mwezi mzima kwenye kiti cha baraza la hosteli, akitazama simu, hajakaa. Amechelewa kuondoka tu.

Namna za kupata jembe ni nyingi, na hazilingani.

Mwaka 1971 Sue Coppard, katibu muhtasi wa London aliyetamani kutoka mjini, alipanga wikiendi ya kwenda kufanya kazi katika shamba la kilimo hai huko Sussex. Kutoka hapo ukazaliwa mtandao wa WWOOF, ambao sasa una mashamba katika nchi nyingi duniani. Mgeni hufanya kazi takriban nusu ya siku, mwenyeji humpa chakula na malazi, na fedha hazibadilishani mikono. Methali imechukuliwa neno kwa neno! Kinachonivutia ni kwamba kazi huondoa ule ukimya wa mgeni na mwenyeji. Mkipalilia mstari mmoja bega kwa bega, hamhitaji lugha kubwa, na ukikosea utakosolewa kama mtu wa pale.

Kabla ya huo kulikuwa na Servas, ulioanzishwa Denmark mwaka 1949 na watu waliotaka amani ijengwe kwa watu wa mataifa kutembeleana majumbani. Desturi yake ni kulala siku mbili hivi bila malipo. Couchsurfing, uliozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, ulichukua wazo la namna hiyo na kulipeleka kwenye intaneti. Mwaka 2011 uligeuka kampuni ya faida, na mwaka 2020 ulianza kudai ada kwa wanachama. Yote miwili ni milango mizuri ya kuingilia nyumba ya mtu, ila kwa asili yake inakuingiza na kukutoa. Ni siku mbili za methali, bila ya tatu. Itumie mwanzoni mwa safari, upate mtu wa kukuelekeza, kisha utafute mahali pa kudumu zaidi.

Ninayoipenda kuliko zote ni shule ya lugha. Quetzaltenango, mji wa milimani Guatemala, una shule nyingi za Kihispania ambazo kila mwanafunzi hupewa mwalimu wake peke yake, saa nne au tano kwa siku, siku tano kwa wiki, na hulala kwa familia. Umaridadi wa mpangilio huu ni kwamba wewe ndiye mjinga, na kila mtu anajua. Mtoto wa miaka sita atakusahihisha mezani. Familia inalipwa, mwalimu analipwa, na hakuna anayejifanya kwamba umekuja kumsaidia. Unaporudi mchana ukiwa umechoka na daftari lako, hakuna wa kukuandalia onyesho, kwa sababu nawe una kazi ya nyumbani.

Kuna pia jamii zilizopanga mapokezi yao zenyewe. Katika kisiwa cha Amantaní, kwenye Ziwa Titicaca nchini Peru, familia huwapokea wageni kwa zamu, ili mapato yasirundikane kwenye nyumba iliyo karibu na gati. Jioni wageni huvalishwa nguo za huko na kuchezeshwa ngoma. Mtafuta uhalisi atakunja uso aseme hii ni maigizo. Mimi nasema angalia zaidi ya ngoma: watu walikaa, wakajadiliana, wakakubaliana nani apokee lini. Makubaliano yale ni halisi kama kitu chochote utakachokuta kisiwani, na ukikaa usiku wa tatu badala ya mmoja utaanza kuyaona yakifanya kazi.

Namna moja ya kukaa naipinga moja kwa moja: kujitolea kwa wiki chache kwenye vituo vya watoto yatima. UNICEF imeeleza kwamba watoto wengi walio katika vituo vya Cambodia wana mzazi mmoja au wote wawili walio hai. Wageni wenye huruma na fedha ndio soko linalofanya watoto watolewe majumbani na kuwekwa vituoni. Na hata pale ambapo kituo ni cha kweli, mtoto anazoea mtu, mtu anaondoka, anakuja mwingine. Kama kazi unayopewa huko usingeruhusiwa kuifanya nchini kwako bila mafunzo na bila kuchunguzwa, usiifanye. Shamba halina jeraha la namna hiyo. Darasa la lugha pia halina.

Kukaa kuna ugumu wake, nami nisingependa uugundue ukiwa umeshafika. Kati ya siku ya nne na ya kumi hivi, uchovu wa mambo mapya unaingia, hadhi ya ugeni imeisha, na urafiki bado haujaota. Wengi hufunga begi hapo hapo wakisema mahali pamewachosha. Wangevumilia wiki moja zaidi wangeona tofauti. Pia mwenyeji mmoja mbaya anaharibu safari nzima, wakati hosteli mbaya unaihama asubuhi. Soma maoni ya waliotangulia, hasa ya waliokaa muda mrefu. Kama wewe ni mwanamke unayesafiri peke yako, uliza waziwazi kama chumba kina kufuli na kama kuna wanawake wengine nyumbani, na mwachie mtu anwani. Na yeyote uwaye, weka pembeni fedha za kulala mahali pengine usiku mmoja na nauli ya kuondokea. Uhuru wa kuondoka ndio unaokufanya ukae kwa moyo mweupe.

Pesa, siku na pasipoti

Kwa pesa, kinachokula bajeti ya msafiri mara nyingi ni kuhama: nauli, viingilio, chakula cha stendi, usiku wa kwanza katika mji usioujua ambapo unalipa chochote unachoambiwa. Anayekaa huacha kulipia kuhama. Baada ya wiki anajua bei za sokoni, na chumba cha mwezi karibu kila mahali hupungua kikilinganishwa na vyumba thelathini vya usiku mmoja mmoja. Kwa siku moja moja hosteli inaweza kuwa rahisi zaidi, lakini ukijumlisha mwezi, kukaa kunashinda. Kuikimbia njia, kama nilivyosema, ndiyo ghali kuliko zote.

Jambo ambalo waandishi wengi wa safari hawaligusi ni pasipoti, kwa sababu wao hupita mipakani bila kuulizwa. Ile ndoto ya kuamka asubuhi na kuamua leo uvuke kwenda nchi gani ni ya mwenye pasipoti inayofunguliwa kila mlango. Mwingine anahitaji viza kwa kila mpaka, na kila viza inataka taarifa ya benki, tiketi ya kurudi na uthibitisho wa malazi. Njia ya nchi tano kwake ni balozi tano na miezi ya kusubiri. Kama uko katika hali hiyo, hesabu inabadilika kabisa: nchi moja, maombi mamoja, na kukaa kwa siku zote ulizopewa. Si kwamba umenyimwa safari kubwa. Ile inayokuweka karibu zaidi na watu ndiyo iliyo rahisi kwako kuomba.

Tahadhari moja ya kisheria: nchi nyingi huhesabu kufanya kazi kwa kubadilishana na chakula na malazi kuwa ni kazi, hata kama hujashika senti. Viza ya utalii inaweza isiruhusu. Uliza ubalozi kabla, na usitegemee maneno ya mwenyeji kwamba wote hufanya hivyo. Shule ya lugha kwa kawaida haina utata huo kwa muda mfupi, ingawa nayo ni ya kuulizia.

Sasa uchague

Ukiwa na siku kumi, fuata njia na ufurahi. Siku kumi hazitoshi kukaa, na hazitoshi kabisa kuikimbia njia bila kuwa mzigo kwa watu. Chagua hosteli ndogo yenye jiko la kupikia, punguza miji hadi miwili, na ukubali kwamba unakwenda kukutana na wasafiri wenzako na kuona nchi kwa dirisha. Hakuna aibu.

Ukiwa na wiki tatu hadi nne, na hii ndiyo likizo ya watu wengi, ningeigawa hivi: siku nne au tano za mwanzo hosteli, mwili uzoee na upate habari, wiki mbili mahali pamoja ukiwa mwanafunzi wa kitu fulani, siku zilizobaki katika mji wa kawaida ulio njiani kurudi. Usifanye kinyume. Anayeanza kwa kuzunguka hufika kwenye familia akiwa amechoka na nyuso, na mwenyeji wake analiona hilo usoni.

Miezi mitatu au zaidi, chagua sehemu mbili tu. Nimeona wasafiri wakirudi na mihuri ya nchi kumi na mbili wakishindwa kutaja jina la mtu mmoja wanayeweza kumpigia simu huko.

Tabia yako nayo ipewe sauti. Kama unapata nguvu kwa kuwa na watu wapya kila siku, kukaa kutakutesa mwanzoni, kwa hiyo anza na wiki moja. Kama wewe ni mkimya, bweni la watu kumi na wawili litakumaliza, na nyumba ya familia yenye ratiba inayoeleweka itakufaa zaidi ya unavyodhani. Kama unasafiri na mwenzi au rafiki, kumbuka kuwa wawili huzungumza wenyewe kwa wenyewe, kwa hiyo hata mkikaa, mpeane angalau nusu siku kila mmoja na shughuli yake.

Kabla hujalipa chochote, mwandikie mwenyeji ujumbe mfupi. Usimuulize kuna vivutio gani. Muulize siku ya tatu huwa inakuwaje nyumbani kwake: nani anatoka saa ngapi, nani anabaki, na wewe utakuwa unafanya nini. Akikutumia orodha ya matembezi na bei zake, amekujibu kwa uaminifu kwamba ni nyumba ya kupita, na unaweza kuitumia hivyo kwa usiku mmoja au miwili. Akijibu kwamba asubuhi huwa wanakwenda shambani, mchana hakuna mtu, na jioni mtoto wake mkubwa anatafuta wa kusoma naye, mwambie unafika lini na kwamba ungependa kukaa walau wiki mbili.